Samaki Kwenye Karatasi ya Kura

Ujiji, Jumatatu baada ya adhuhuri

Kwako mdogo wangu Saumu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo shambani Simbo, mihogo imesimama na goti limepunguza kelele. Mimi sijambo, meno mawili yaliyobaki yanakusalimu, kila moja kwa zamu yake. Simu umeizima wiki ya tatu sasa, ndiyo maana nimekaa chini kuandika kama zamani. Dismasi wa bodaboda ndiye anayekuletea. Ameniambia kwamba watu wa huko wakikusalimu "mwakeye" asubuhi, unaitika kwa kichwa tu. Hasira hiyo naijua, ni ya mama yetu.

Una haki. Mtaa umekuuza. Wanachama wenye kadi ni mia tatu na arobaini, na Jumapili ile ya kura za maoni za udiwani tulifika ishirini na sita. Siku kumi nzima nilipita mlango kwa mlango, kila mmoja ananiambia tuko pamoja, Mzee Mrisho, tuko pamoja. Siku yenyewe nilikuwa pamoja na madawati ya shule.

Tangu uondoke nimewazungukia kuwahoji, maana aibu sina. Regina wa kikundi chenu cha dagaa, aliyevaa sare yako na kukuimbia mpaka sauti ikakauka, amesema alikuwa ameanika dagaa na upepo unapuliza mchanga. Nikamuuliza kama wanawake thelathini wote walikuwa wameshika upepo mmoja. Akacheka, halafu akatazama chini. Martini kinyozi amesema alisikia umeshapita, sasa aende kufanya nini. Alisikia kwa wateja. Wateja nao walisikia kwake. Na yule jirani yako wa ukuta mmoja alifika saa kumi na moja, sanduku limeshafungwa, sare kaipiga pasi mpaka unaweza kujikata nayo, akauliza mbona hakuna watu.

Hao hao ndio waliosema ni wewe pekee utakayetuletea bomba huku chini ufukweni, maana ulikwenda ofisi ya maji mara nyingi mpaka mlinzi akakutengea kiti. Sasa Castory, ambaye akija huku hutembea kama kuku aliyelowa, amepata kumi na tatu. Wewe kumi na mbili. Moja ikaharibika.

Hiyo moja ndiyo iliyokufukuza nyumbani, najua. Karatasi zilizochapwa hazikufika, tukapewa vipande vya daftari tuandike jina la tunayemtaka. Msimamizi alipoinua kile kilichochorwa samaki, mgebuka mzima, watu wa Castory walicheka wakashikilia madawati. Mtaa mzima unakuita Mama Mgebuka kwa sababu ya biashara yako, kwa hiyo hakuna aliyeuliza anasemwa nani. Msimamizi akasema picha si jina. Ingehesabiwa, mngelingana, kura ingerudiwa, na safari hiyo ningewabeba watu mgongoni.

Ukamtazama Chande. Wote tukamtazama Chande, maana ndiye fundi anayechora na kuandika majina kwenye maboti hapa ufukweni. Ukamwambia mbele za watu kwamba amekudhihaki akiwa karibu kuwa mkwe wako. Kesho yake ukairudisha posa ambayo mwanawe Luqman alimletea mwanao Lulu, ukapanda pikipiki kwenda Simbo. Chande hakujitetea. Mimi kwenye kahawa nikamwita Mzee Samaki. Watu wakacheka, nami nikaongeza.

Sasa, Saumu, kaa kitako.

Mgebuka yule ni wangu. Si kwamba herufi zilinishinda. Jina lako ni herufi tano, na darasa la nne nililifika. Nilijua utashinda. Kichwani niliona kadi mia tatu na arobaini zimepanga foleni, nikasema kura yangu moja niifanyie utani, wahesabuji wacheke kidogo, nawe ukijua uje unichape na kanga. Nikamtia macho, nikamtia masharubu. Nilipogeuka kutazama foleni, hapakuwa na mtu. Ilikuwa saa nane mchana na mimi nilikuwa wa kumi na tisa. Ningeweza kuomba karatasi nyingine. Niliona haya kumwambia msimamizi kwamba mzee mzima nimechora samaki, nikaitumbukiza.

Wangekuja watu mia tatu, mgebuka wangu angekuwa kichekesho cha siku moja. Tulipokuwa ishirini na sita, alikumeza. Wiki tatu nimewatukana waliobaki nyumbani, na wao angalau hawakukushika mkono kisha wakakuangusha. Mimi nilikushika.

Jana nilikwenda kwa Chande nikamweleza. Alikuwa anapaka boti rangi ya bluu, hata brashi hakuiweka chini. Alisema alijua tangu karatasi ilipoinuliwa, maana mgebuka hana masharubu, na Ujiji nzima kuna mtu mmoja tu anayemtia samaki masharubu, tangu tukichora ubaoni chuoni kwa maalimu. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza nikimsimanga. Akasema Saumu anaweza kupata mkwe mwingine, lakini kaka amebakiwa na mmoja.

Posa anayo palepale sandukuni, kama ulivyoifunga. Lulu nimemwambia leo asubuhi; chai yangu ameimwaga mlangoni huku nikiiona. Ijumaa baada ya sala nitasema mbele ya watu, na wakicheka nitawaacha wacheke. Wewe nichukie mimi, siku utakazo, ila mrudishie Chande salamu yake.

Regina anakusalimu kwa aibu. Goti lako ulisugue mafuta ya mawese kabla ya kulala.

Ni mimi kaka yako,
Mrisho bin Hamisi

Nimeandika jina zima, bila picha.