Asubuhi Ambayo Mnyororo Haukupimwa

Mzee wangu Margwe,

Leo alfajiri umenijia tena. Hukusema kitu, kama ilivyokuwa kawaida yako kabla ya chai. Ulikuwa unatembea kwenye ukungu kule Endabash, umeshika ncha moja ya mnyororo wa kupimia, nami nimeshika ya pili, na katikati yetu sikuona chochote. Nilisikia tu pete za chuma zikiburuzika kwenye nyasi. Nikawa nakufuata. Kila nilipodhani nimekukaribia, mnyororo ulinyooka tena. Nilipoamka nilikaa kitandani muda mrefu nimekunja vidole, kama bado nimeshika kishikio.

Nakuandikia kwa sababu wiki mbili zilizopita nilirudi kutoka Arusha, kwenye mkutano wa chama chetu cha wapima ardhi, na jina lako lilisomwa pale. Nataka ulisikie kwangu kwanza. Huko uliko wapima hawakosekani, na wapima hatujui kunyamaza.

Nianze na ya nyumbani. Mkeo hajambo, ila kikohozi cha baridi kinamsumbua, na bado anagombana na kuku wa jirani. Sabuni tunaipangia foleni, dizeli ndiyo usiseme. Landrova imelala nyuma ya ofisi mwezi wa tatu sasa, nyasi zimeota kwenye matairi, na asubuhi ukungu ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro gari zima linapotea, linabaki taa moja tu. Kofia yako ipo palepale msumarini. Hakuna aliyeiondoa. Kila mtu anamwachia mwenzake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unamkumbuka Mama Safari, mwenye shamba la mwisho, lile la kwenye korongo? Mwaka wa sabini na sita, vijiji vipya vilipokuwa vinapangwa, tuligawa pale Endabash mashamba ishirini kwenye mstari mmoja, kila kaya hatua mia. Tulipofika kwake, ardhi ikawa haitoshi. Ukatazama ramani, ukatazama korongo, ukasema, "Limekula." Wote tukakubali. Makorongo ya kwetu yanakula kweli, kila masika yanameza ukingo na migomba yake.

Mama Safari hakukubali. Miaka yote hii alikuwa anatembea shambani kwake akihesabu hatua, na akakuta tisini na mbili. Mwaka huu akamwandikisha mwanawe barua ya malalamiko, akaileta mwenyewe kwa miguu hadi Karatu, kwangu, maana mimi sasa ni katibu wa tawi la chama chetu cha wapima. Alinisalimia vizuri, akaketi, akaweka barua mezani. Ndani yake kulikuwa na sentensi moja ambayo sijaweza kuisahau: "Korongo liko magharibi, nalo nalijua, lakini mimi naliwa kutoka mashariki." Hakutaka kulipwa chochote. Alitaka hatua zake nane, kwa sababu ndani ya hizo nane amezikwa mtoto wake wa kwanza, na ng'ombe wa jirani wanalima juu yake.

Sikuweza kwenda kupima mwenyewe. Katiba ya chama inakataza mpima kukagua kazi aliyoishika kwa mkono wake, na wewe unajua nani aliyekiweka kifungu hicho. Chama kikamtuma mpima kutoka Moshi, kijana makini, haongei. Alipima mashamba yote ishirini siku nne. Akakuta kila jiwe la mpaka limesogea kidogo kuelekea korongoni, kila moja zaidi ya lililotangulia. Kila jirani alipata chini ya nusu hatua ya ziada, hata hakuna aliyejua kwamba amepata. Wa mwisho ndiye aliyelipa kwa niaba ya wote.

Halafu akaomba kuuona mnyororo wetu wa zamani. Nikautoa stoo kwa mikono yangu, ulikolala tangu kazi ile ya Endabash. Alipoukunjua, pete ya katikati ikajionyesha, ile ya waya wa senyenge.

Wewe huijui pete hiyo, Mzee. Ndiyo sababu naandika.

Jioni ya kabla ya kazi ile ulikuwa umeenda kanisani. Lori la vitunguu kutoka Mang'ola lilipita juu ya mnyororo tulipokuwa tunaukausha barabarani, pete ikakatika. Nikampelekea fundi wa baiskeli, akaunga kwa waya, akaniambia haionekani kabisa. Ikaongezeka vidole vinne. Vidole vinne si kitu, mpaka uviburuze mara mia moja kwenye mstari mmoja.

Na asubuhi yake ulinituma, kama kila asubuhi, kwenye yale mawe mawili uliyoyachimbia nyuma ya ofisi na kuyapigia misumari, ili niutandaze mnyororo kati yao nione kama umetimia. Ilikuwa Julai, nyasi zimejaa umande hadi magotini. Nami nilikuwa nimevaa raizoni zangu mpya, zile za kisigino kirefu ulizoziita ngazi. Nilikuwa nimezinunua Arusha Jumamosi ile, nikataka zionekane kidogo kabla sijavaa buti. Nikasimama kwenye kona ya ukuta. Nikahesabu hadi mia. Nikarudi nikakuambia, "Tayari, Mzee."

Ukachukua daftari, ukaandika kwa mwandiko wako uliolala, "Mnyororo umejaribiwa." Ukatia saini. Hukuniuliza mara ya pili. Hukuwahi kuniuliza mara ya pili, na wakati ule niliona ni heshima tu.

Sasa fikiria kamati ya nidhamu ya chama kule Arusha, watu watatu, ukumbi wa shule, madirisha yamefunguliwa na mlima unaonekana nusu. Kiti cha mlalamikiwa kimeachwa wazi, na juu yake limewekwa daftari lako. Mbele yao kuna mnyororo wenye pete ya waya, na ukurasa unaosema ulijaribiwa. Wakakunja nyuso. Mwenyekiti akasema kwa masikitiko, na nakuhakikishia alisikitika kweli, kwamba kosa la kupima linasameheka, kila mmoja wetu ana lake. Uongo kwenye daftari hausameheki. Akasema kwamba jina la marehemu lifutwe kwenye rejista ya waanzilishi.

Nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika hadi neno "marehemu", kisha ikasimama.

Unakumbuka tulivyobishana siku chama kilipoandikiwa katiba? Wapima kumi na kitu kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Wengine walitaka chama cha kuzikana na kutafutiana kazi. Wewe ukasimama. Ukasema kwamba chama hakina polisi wala gereza, kina rejista tu, na kama rejista haina maana basi tuigeuze kuwa chama cha ngoma. Ukadai kifungu cha nne: aliyesaini ndiye anayejibu, hata kama mnyororo ulishikwa na mwingine. Wakasema ni kikali mno. Ukajibu, "Daktari akikosea anazika mtu. Sisi tukikosea tunazika ukoo, tena taratibu." Kifungu kikapita. Mchimba kisima huingia mwenyewe, Mzee. Sheria yako ilikungoja miaka yote hiyo, na ulipokuwa huna tena mdomo ikakukamata.

Lakini uliacha na kile kifungu kingine, kile ambacho nilikucheka kwamba umekiiba kanisani kwenye matangazo ya ndoa. Asiyekuwepo asihukumiwe mpaka mwenyekiti aulize mara tatu kama yupo wa kumsemea.

Akauliza mara ya kwanza. Nikatazama daftari kwenye kiti. Nilijiambia kwamba wewe umekwisha pumzika, huumii tena, na mimi nina watoto wawili na saini yangu ndiyo ugali wao. Nasema ukweli, nilijiambia hivyo, tena kwa utulivu kabisa.

Akauliza mara ya pili. Hapo ukumbi ukawa kama umejaa ukungu. Nilisikia pete zikiburuzika. Nikaona viatu vyangu vikavu, vizuri, vinang'aa, na nyuma yangu nyasi zenye umande ambazo hakuna mguu uliozikanyaga. Nikajiuliza kwa mara ya kwanza kama ulivitazama viatu vile asubuhi ile. Kama uliviona vikavu. Sijui. Sitajua kamwe, na hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu nataka iwe kwamba ulidanganywa, na nataka pia iwe kwamba hukudanganywa.

Kabla hajauliza mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Niliwaeleza lori, waya, umande, hata raizoni. Nilidhani watacheka pale kwenye raizoni. Hakuna aliyecheka. Yule mpima wa Moshi aliinamisha kichwa, akawa anatazama viatu vyake.

Walitutoa nje saa nzima. Walipotuita tena walisema hivi. Mzee Margwe hakusema uongo, na jina lake halifutwi. Lakini alisaini, na kifungu cha nne ni kifungu cha nne, hivyo pembeni mwa jina lake iandikwe kwamba mashamba ya Endabash yalipimwa vibaya. Nikaomba, nikasihi, hata machozi yakanitoka mbele za watu, nawe unajua jinsi ninavyochukia jambo hilo. Mwenyekiti akaniambia, kwa upole, kwamba wewe mwenyewe usingekubali vingine. Na ni kweli. Nisamehe. Nimeshindwa kukusafisha kabisa.

Mimi nimesimamishwa kusaini kwa miaka miwili. Ukatibu nimeuachia palepale. Kisha nikawaomba kitu kimoja tu, wakakubali: pembeni pale, mwisho wa maandishi hayo, liandikwe na jina langu. Basi tupo pale wawili, Mzee, kwenye mstari mmoja, wewe ncha hii na mimi ncha ile. Na kifungu cha nne kimeongezwa maneno machache. Tangu sasa anayejaribu mnyororo aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyopita tulikwenda kuyasogeza mawe. Hakukuwa na ugomvi kama nilivyohofia. Yule mpima ndiye aliyepima, mimi nilibeba mawe. Mmoja tu kati ya majirani alinung'unika, akasema nusu hatua yake ina mbaazi zimechanua, akapewa ruhusa avune kwanza. Ukungu ulikuwa mzito, watu wakawa wanatokea mmoja mmoja na majembe, wanachimbua, wanasogea, wanafukia, wanapotea tena. Tulipofika korongoni, Mama Safari alikuwa amekwisha kuja. Alihesabu hatua zake polepole, mguu mbele ya mguu, hadi mia. Halafu akaketi chini pale alipozikwa mwanawe, akaanza kung'oa magugu. Nikaketi naye. Akaniambia, "Mzee wako alikuwa mtu mwema. Aliniomba radhi siku ile kwa niaba ya korongo." Sikuwa nimelisikia neno hilo. Nimekuletea.

Sasa nikuache upumzike, mwalimu wangu. Nitakapopata nafasi nitapanda hadi kaburini kwako nikung'olee na wewe magugu. Ninakuahidi jambo moja, dogo, na sitaliongezea. Ingawa sina ruhusa ya kusaini, mnyororo bado naruhusiwa kuushika. Leo asubuhi, baada ya ile ndoto, nilivua viatu. Nilikanyaga umande hadi kwenye mawe yako mawili, nikautandaza mnyororo mpya, nikauvuta hadi ukalia, nikapiga magoti nikautazama kwenye misumari yote miwili. Umetimia. Nikaandika jina langu. Kesho nitafanya vivyo hivyo, na keshokutwa, hadi siku nitakapokufuata.

Miguu yangu bado imelowa ninapoandika haya.

Tayari, Mzee.

Mwanafunzi wako,
Veronika