Sista Hakuwa na Pumu

Mfaranyaki,
S.L.P. 418,
SONGEA.
20 Oktoba, 1996.

Mpendwa mwanangu Careen,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tabora? Vipi afya, vipi masomo, na lile joto ulilolilalamikia umelizoea? Sisi hapa tu wazima. Rosemary kikohozi kimemwacha kabisa, na sababu yake utaiona huko mbele. Shikamoo yako niliikuta kwenye barua, lakini leo naona haya kuitikia marahaba. Soma kwanza mpaka mwisho.

Mvua bado. Watu wamekwisha kuandaa mashamba wanatazama mbingu. Baba Rosemary, tangu wapunguzwe kazini, anauza mitumba pale sokoni, na amekuwekea sweta moja la kijani ambalo hataki mtu aliguse.

Sasa swali lako. Umeniuliza kama paka anaweza kutabasamu, kwa kuwa mmebishana huko bwenini, nawe umewaapia wenzako kwamba Sista, paka wa marehemu mama yako, hutabasamu, tena shahidi unaye, shangazi yako. Mwanangu, umechagua shahidi mbaya.

Katika barua tatu nilikuandikia kwamba Sista yupo, anakula vizuri na anakusalimu. Nilisema uongo. Sista hayupo hapa nyumbani tangu mwezi wa Mei.

Unajua mwenyewe Sista akilala mapajani kifua chake kinavyokoroma. Mama yako alikuwa akisema, "Mwacheni, anasali rozari yake," nasi tunacheka, maana mwili ule wa kijivu na kichwa cheupe ndivyo vilivyompa jina. Lakini wewe ulipoondoka kwenda chuo, Rosemary akaanza kukohoa usiku na mchana. Jirani yangu Nasma akanikumbusha lile ambalo sote tumelisikia tangu utoto: paka anayekoroma ana pumu, na pumu ya paka huwaingia watoto. Basi nikaanza kumsikiliza Sista, na kweli nikaisikia pumu. Rozari sikuisikia tena.

Simlaumu Nasma. Yeye alisema tu. Mkono uliofunga gunia ni wangu. Nilimwita Bartolomeo, yule anayenunua mahindi Madaba tangu biashara iruhusiwe, nikamwomba ampeleke paka kwa mama yake huko huko akawale panya wa ghalani. Nilimbeba Sista mwenyewe mpaka kwenye lori, na hapo ndipo nilipomtia guniani. Njia nzima alikuwa akikoroma mikononi mwangu, nami nimegeuza uso nisivute pumzi yake.

Kikohozi hakikuisha. Julai nilimpeleka Rosemary zahanati, mganga akauliza mtoto analala wapi. Nikasema jikoni, kwa sababu ya baridi. Akauliza tunapikia nini. Nikasema kuni. Akasema tumtoe kwenye moshi. Tulimhamishia chumbani kwetu, na wiki mbili hazikuisha mtoto akapona.

Hata hapo nilijitetea moyoni, nikasema labda paka alikuwa mgonjwa kweli. Kisha bwana mifugo, anaitwa Ramson, akaja kuchanja kuku wa mtaa wetu, nami nikamuuliza kana kwamba nauliza habari za paka wa mtu mwingine. Akaniambia paka anayekukoromea mapajani, macho ameyafumba nusu, hana pumu wala mafua. Hapo amestarehe, na hana namna nyingine ya kukushukuru. Nikamuuliza na habari za lile tabasamu: mdomo kuachama kidogo, mdomo wa juu kukunjika, meno nje, kama Sista alivyokuwa akifanya akivinusa viatu vya wageni. Huyo bwana akacheka yeye.

"Mama, huyo hacheki. Ameikuta harufu asiyoijua, anaionja kwa kinywa."

Kwa hiyo waambie wenzako wameshinda, paka hatabasamu. Alipofurahi tulisema ni mgonjwa, na alipotushangaa tulisema anafurahi. Mama yako peke yake ndiye aliyemwelewa.

Siku hiyohiyo ningekuandikia, kama ningekuwa mtu wa maana. Badala yake nilikwenda kwa Nasma, ambaye paka wake alikuwa amezaa, nikachagua mmoja wa kijivu mwenye kichwa cheupe, nikamwita Sista. Nikawaza kwamba kufika Desemba atakuwa amekua, nawe utakuja likizo umkute kwenye kiti cha mama yako. Ana doa jeusi sikioni. Nilipanga kukuambia ni masizi. Masizi, Careen! Nimwambie hivyo mtoto wa kaka yangu, kwa paka aliyelala miguuni pa mama yake mpaka pumzi ya mwisho.

Rosemary ndiye aliyeniumbua. Nilikuwa namfundisha kumwita yule mdogo kwa jina jipya, akanitazama akauliza, "Mama, na dada Careen tumdanganye?" Ana miaka sita tu.

Basi Jumatano iliyopita nilipanda lori la Bartolomeo mpaka Madaba, nimebeba kikapu chenye mfuniko na dagaa wa Nyasa. Nilimkuta mama yake barazani anapukuchua mahindi. Sista alikuwa mapajani pake, amenenepa, na nilianza kumsikia kabla sijaketi. Alikuwa anasali.

Nikamwamkia yule bibi, nikamweleza paka ni wa nani na kwa nini nimekuja. Hakubisha. Alisema, "Tangu mzee wangu aondoke, huyu ndiye ninayemsikia humu ndani. Lakini mali ya marehemu haizuiwi, mwanangu. Mchukue."

Nikachuchumaa, nikamwita Sista. Akashuka taratibu, akaja mpaka magotini pangu. Dagaa hakuwagusa. Alianza kuinusa kanga yangu, pale anapolala yule paka mwingine, akainusa sana. Kisha akainua kichwa, akaachama, mdomo ukakunjika na meno yakatokeza.

"Umeona," bibi akasema, amefurahi kweli, "anakuchekea. Bado anakukumbuka."

Sikuwa na uso wa kumweleza. Kikapu nilikirudisha kitupu.

Ukija Desemba tutakwenda wote Madaba. Umwite wewe. Kama ni kumrudisha au kumwachia bibi, utaamua wewe, maana mimi haki hiyo niliifunga kwenye gunia. Akikusalia rozari yake mapajani pako, mimi nitakaa nje, nitaisikilizia huko huko. Na ukiona huwezi kufikia kwangu, nenda kwa baba yako mdogo Fulgence kule Lizaboni. Nitaelewa, ila nitalia.

Baba Rosemary anakusalimu sana. Rosemary anakusalimu, ameniambia niandike kwamba yeye hakusema uongo. Baba yako mdogo Fulgence anakusalimu, na Nasma pia. Safari hii siandiki kwamba Sista anakusalimu.

Mungu akulinde huko ugenini, na mama yako akuombee. Na akipata nafasi, aniombee na mimi.

Wako akupendaye na kukuonea haya,
Shangazi Odilia