Kero za Bwana Lebo

Chumba cha nyuma,
Jumamosi mchana.

Kwa mdogo wangu mpendwa, Bwana Lebo,

Salamu nyingi zikufikie hapo chumba cha mbele. Safari yao si ndefu, zinavuka sebule tu na kupita chini ya mlango, kwa hiyo nategemea zitafika zikiwa bado na joto. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Hali yako naijua nusu. Asubuhi nilikusikia ukipiga chafya bafuni, nikataka kukuuliza kama umepata mafua, halafu nikakumbuka kwamba tumenuniana, nikanyamaza. Kama ni mafua, maji ya moto nimeyaacha kwenye chupa ya chai.

Najua utashangaa dada yako kukuandikia barua wakati tunakula meza moja. Lakini wewe mwenyewe ni shahidi kwamba sisi tukianza kuzungumza jambo la maana hatufiki nalo mbali. Tunaanza na la maana, tunaishia kwenye taulo. Barua haina mtu wa kuikatiza, na leo nina maneno ambayo nikikatizwa sitayarudia.

Niruhusu nianze na kero, maana ndizo zilizojaa humu ndani. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, ila hawakusema hali inakuwaje kikombe kimoja kikiwa mjane mwenye mdomo na kingine kapera mwenye mazoea yake. Taulo lako bichi unalitundika kwenye kiti changu cha cherehani, nami nakalia ubaridi kabla sijavuta uzi hata mmoja. Sukari ikibaki kijiko kimoja unalirudisha kopo kabatini kana kwamba limejaa, ili mimi niwe wa kugundua kwamba imeisha. Dawa ya meno unaikamua katikati. Haya nilishayazoea, na nadhani hata wewe una orodha yako juu yangu. Yaliyonitoa roho ni mawili uliyoyaanza mwaka huu.

La kwanza ni kusoma kwa sauti. Nilidhani mtu anayeshinda dukani akibandika bei kwenye rafu, akirudi nyumbani atataka kupumzisha macho na ulimi. Wewe unaingia na mfuko, unatoa kitu kimoja kimoja na kukitangaza kama dalali wa mnada: hii chumvi, haya maziwa yanaisha muda Jumatano, hii dawa ya mende naiweka chini ya sinki. Tukitembea njiani unasoma mabango. Unasoma hata namba za nyumba za watu tusiowajua. Siku moja nilikuuliza kama unafikiri mimi siijui chumvi nikiiona, ukaniomba radhi, ukasema ni mazoea ya kazi, na kesho yake ukaendelea pale pale ulipoishia.

La pili ni ile taa. Uliitoa balbu yangu ya zamani yenye mwanga wa upole, ukaweka hii nyeupe ambayo ikiwashwa sebule inageuka uwanja wa mpira. Nikasema inaniumiza kichwa, ukasema inatumia umeme kidogo. Tulibishana juu ya balbu mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nije kwenye siku ile ya dukani. Ulikuwepo, lakini uliona kwa macho yako, nami nataka ujue nilivyoona kwa yangu.

Msimamo wangu kuhusu maduka unaujua. Mimi si mgomvi, ila nikiona bei ya zamani imekatwa kwa wino mwekundu, na bei hiyo ya zamani haijawahi kuwepo tangu duka lijengwe, damu inanichemka. Biskuti zimepungua ndani ya pakiti, pakiti yenyewe haijapungua hata unywele. Wanaandika tatu kwa bei ya mbili, kumbe bei ya mbili imepandishwa jana yake. Na hiyo tisini na tisa, kila mahali tisini na tisa, kama vile sisi wanunuzi wote tuliishia darasa la kwanza. Nikikuuliza wewe unayezibandika, jibu lako ni kwamba unabandika unachopewa. Ndiyo maana mtaa ukakupa jina la Bwana Lebo, na ndiyo maana mimi nikiingia kwenye duka lenu naingia nimekunja mikono ya nguo.

Siku ile nilichukua sabuni ya unga, pakiti kubwa. Lebo ya kwenye rafu niliisoma mia tatu na thelathini. Nilipofika kwa keshia, mashine ikasema mia tatu na themanini. Nikasema hapana. Keshia, yule binti mpole mwenye sauti ya mafua siku zote, akainuka kwenda kuangalia, na nyuma yangu foleni ikaanza kuniunga mkono. Mzee mmoja alisema wanatuibia hivi hivi kila siku. Mama mmoja akaniambia mwenzangu, usikubali. Nikaona nina jeshi, sauti ikapanda, mpaka meneja akatoka ofisini kwake akiwa na kalamu mdomoni.

Hapo ndipo ulipotokea wewe, na kile kijimashine chako cha lebo kiunoni. Ulikwenda kwenye rafu, ukasimama kidogo, ukarudi umefumba kiganja. Ukamwambia meneja kwamba kosa ni lako, kwamba ulisahau kuibandua lebo ya zamani, na kwamba mteja ana haki yake. Kisha ukanigeukia, ukasema, "Samahani sana, mteja." Watu wakapiga makofi. Nikauziwa kwa mia tatu na thelathini, nikatoka kifua mbele.

Lakini neno lile, mteja, lilinichoma. Mimi niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa kitandani anaumwa, niliyekufunga kamba za viatu mpaka ukajua kuzifunga mwenyewe, leo mbele za watu naitwa mteja. Niliamini umenionea aibu. Nikanuna. Wewe nawe ukawa kimya, na kimya chako nikakihesabu kuwa kiburi. Nilikupakulia chakula bila neno, na ulipokuwa ukisema asante nilikuwa najifanya nasikiliza redio. Huko nje kila aliyekuja kushonewa nguo nilimsimulia jinsi nilivyolinyoosha duka zima. Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikakikaza vizuri kichwani.

Jana nilirudi dukani kununua vibiriti. Nilipofika kwa yule binti, sikuweza kujizuia, nikamuuliza kwa sauti ili foleni isikie kama siku hizi lebo zenu zinasema kweli. Hakucheka. Aliinama kama anayetafuta kitu kwenye droo, akaniambia polepole, "Mama, samahani, nakuomba ile habari ya sabuni usiiseme tena hapa. Yule kaka walikuwa wampe usimamizi wa zamu, wakamnyima kwa sababu ya habari hiyo, na barua ya onyo juu. Na lebo ilikuwa sawa, mama. Nilikwenda mwenyewe nikaiona. Ilisema mia tatu na themanini. Nilikuwa narudi kusema, yeye akaniwahi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema baadaye. Akanijibu kwamba alikuuliza, na wewe ukamwomba aache, ukimwambia kwamba yule mama ni mtu mzima na hastahili kuaibishwa mbele ya watu. Binti wa watu hakujua kwamba anazungumza na dada yako. Nililipa vibiriti, nikaviacha pale pale kaunta, akanikimbilia navyo mlangoni.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Mdogo wangu, sioni vizuri. Ni tangu mwaka jana. Kuna ukungu umekaa mbele ya kila kitu, na nikisugua macho hauondoki. Tatu na nane kwangu ni kitu kimoja, nabahatisha tu. Watu njiani nawajua kwa sauti, ndiyo maana nasubiri wanisalimie kwanza, na wengine wanasema nimekuwa na maringo. Ile suruali nyeusi ya mwalimu iliyorudishwa kwa sababu pindo lilishonwa kwa uzi wa buluu, nilikwenda kumgombeza muuza nyuzi, nikamwambia anawauzia watu mbuzi kwenye gunia, naye akaniomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Kazi za vifungo vidogo nazirudisha, nasema nimezidiwa na kazi. Sijazidiwa. Nimekuwa nikifa na tai shingoni.

Usiniulize kwa nini nilificha. Najua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nimewaambia wengine methali hiyo mara nyingi, na kwa sauti kubwa. Ila cherehani hii ndiyo iliyonilisha tangu shemeji yako alipofariki. Mtu akiniita fundi naitika kabla hajamaliza. Nikiwaza kwamba nitakaa kitini mikono mitupu, nikisubiri mtoto niliyemlea mimi aniletee chai na kuniambia kikombe kiko wapi, napata hofu ambayo sijui niiweke wapi. Basi nikawa nagombana. Ukigombana na mtu juu ya balbu huna haja ya kufikiria macho.

Jana nilipotoka dukani niliketi kwenye cherehani, nikashika kile kimto cha sindano. Sindano zote zina nyuzi. Zimekuwa na nyuzi kila asubuhi kwa miezi, nyeusi upande huu na nyeupe upande ule, na mimi nimekuwa nikikukaripia kwamba unachezea vifaa vyangu. Mtu anayechezea hapangi hivyo. Nilikaa na kimto kile mkononi mpaka nikaanza kuyafikiria na yale mengine: chumvi, maziwa ya Jumatano, dawa ya mende chini ya sinki, namba za nyumba za watu, taa ya uwanja wa mpira. Ulijua. Ulijua kabla mimi mwenyewe sijakubali, na hukuniambia kwa sababu ungeniambia ningekurukia. Hilo siwezi kulikana. Nililia, nakwambia ukweli, nililia mpaka nikaogopa utarudi unikute. Taulo tu ndilo nimelitafutia sababu tangu jana na sijaipata, kwa hiyo hilo bado tunalo.

Lakini na mimi nina lawama, na utanisikiliza kwa sababu mimi ni mkubwa. Hukufanya vizuri kusema uongo ule. Cheo ulikisubiri kwa miaka, umekitoa ili mimi nisionekane mjinga mbele ya foleni ya watu ambao hata majina yao sikuyajua na ambao kesho yake walishanisahau. Kweli wewe uliona aibu yangu ni nzito kuliko riziki yako? Ungeniambia palepale, "Dada, umesoma vibaya," ningekasirika, ningekutukana njia nzima hadi nyumbani, kisha ningepona. Wewe na mimi tumefichana jambo lile lile, kila mmoja akidhani anamhifadhi mwenzake, na katikati yetu kazi yako imeharibika.

Asubuhi hii, ulipokuwa umekwenda kupokea mizigo kule ghalani, nilikwenda kumwona meneja. Sikutaka ofisini. Nilimwomba asimame pale pale kwa keshia, nikamwambia kwamba lebo ya siku ile ilikuwa sahihi, kwamba macho yangu ndiyo mabovu, na kwamba mtu aliyejitwisha kosa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nilimlipa ile hamsini yake. Kwanza alinitazama kama anayehisi anatapeliwa upya, akauliza kwa nini mtu ajisingizie. Nikamwambia aulize mtu yeyote mwenye dada. Amesema barua ya onyo ataiondoa kwenye faili lako. Usimamizi umeshapewa mwingine, na hilo hakulificha. Samahani, mdogo wangu. Hiyo sikuweza kukurudishia. Kuhusu biskuti, nilimwambia kwamba maneno yangu hayajafutika.

Nina ombi moja. Jumatatu nipeleke kwa daktari wa macho. Pengine ni mtoto wa jicho tu, kitu cha kutolewa na mtu akarudi nyumbani akaendelea na mapindo yake. Pengine ni kingine ambacho hakitoki. Naogopa sana, na sitaki kwenda kuambiwa nikiwa peke yangu. Njiani soma mabango yote unayotaka. Sitasema kitu.

Utaona herufi zangu zilivyo kubwa na mistari inavyopanda na kushuka. Nimeandika nikiwa dirishani, kwa kalamu nene, na sikuweza kuipitia barua hii tena, kwa hiyo kama kuna neno limepinda linyooshe mwenyewe. Wasalimie wote hapo chumbani kwako, yaani wewe na mafua yako. Mungu akulinde.

Na ukitaka kunijibu, tafadhali usiandike. Nitaishika karatasi yako, nitajua ni ya kwako, na nitashindwa kuisoma. Gonga mlango, mdogo wangu, uingie, useme.

Ni mimi,
Dada yako