Kibao Nilichomvisha Kendi

Jumapili, 9 Machi
Watoto kumi na wanne leo. Mwalimu Karimi ana homa, nimefundisha shule ya Jumapili peke yangu. Siku ya Pasaka wataomba mbele ya kanisa lote kwa Kiswahili, na bado wanachanganya na Kimeru. Nimekata kipande cha katoni, nikatia kamba, nikaandika NIMEONGEA KIMERU. Kama kile tulichovishwa shuleni tukiongea lugha ya nyumbani.

Jumapili, 16 Machi
Niliuliza nani ataomba. Kendi peke yake akanyoosha mkono. Ana miaka sita. Alianza kwa kumwita Mungu "Murungu", akaombea mbuzi aliyeumia mguu, mbuzi wa nyanya yake. Kimeru kitupu. Nilimkatiza katikati ya maombi, nikamvisha kibao. Wenzake wakashangilia, "Amevaa! Kendi amevaa!"
Hakulia. Kipindi kilipoisha alikiweka mezani kwangu, akaenda.
Mimi nilivaa kama hicho darasa la tatu, siku nzima. Tangu hapo naongea kwa kunong'ona. Nilijua kinavyouma. Nilijua na bado nikamvisha.

Jumapili, 23 Machi
Kendi hakuja. Mwalimu Karimi amerudi, akauliza kwa nini. Watoto walimwambia kabla sijafungua mdomo. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Jumamosi tutaenda kwao. Vaa viatu vya shamba."
Kibao nimekichoma.

Jumamosi, 29 Machi
Kendi alituona, akakimbilia nyuma ya zizi. Nyanya yake anasema mtoto haombi tena, hata kabla ya uji. "Nikimwambia aombe, anaziba mdomo na mkono. Nani alimfundisha hiyo?"
Niliangalia chini. Mwalimu Karimi alivuta ungo, akaanza kuchagua maharagwe ya mbegu. Hakutaja kanisa. Tulichagua mpaka saa kumi. Nilitaka kusema ni mimi. Sikusema. Mwoga.

Jumamosi, 5 Aprili
Tumerudi. Nyanya alicheka. "Mwalimu, unafuata mtoto ama maharagwe yangu?"
"Yote mawili, cucu," alisema Mwalimu, akimwita nyanya kwa Kimeru.
Leo Kendi alikaa mlangoni, mgongo kwetu. Njiani nilimuuliza Mwalimu tutakuja mara ngapi. "Sijahesabu," akasema. Anajua nilichofanya, na bado ananipitia nyumbani twende pamoja. Hicho ndicho kinachonishinda.

Jumamosi, 12 Aprili
Mwalimu ana msiba mjini Maua. Nimeenda peke yangu, matope mpaka magotini. Nimemwambia nyanya, kwa Kimeru, kwamba ni mimi. Aliacha kuchagua. Halafu akauliza, "Na wewe, mama yako akiwa mgonjwa, unamwombea na lugha gani?"
Namwombea kwa Kimeru. Anajua.
Nilimwambia Kendi kwamba niliyekosa ni mimi, si yeye. Nilipoaga, nyanya hakunipa mkono. Lakini nikiwa kwa lango aliita, "Maharagwe yameisha! Wiki ijayo ni mahindi!"

Jumamosi, 19 Aprili
Mahindi. Mwalimu Karimi na mimi. Kendi alipukuchua hindi moja, mbali kidogo. Nilimwambia Mwalimu kesho kila mtoto aombe kwa lugha anayotaka. Alisema alikuwa anangoja niseme hivyo.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Watoto wawili wameomba kwa Kimeru, wengine Kiswahili.
Kendi alikuja na nyanya yake, wakiwa wamechelewa. Alisimama karibu na ukuta. Hakuomba, hakuimba. Sikumwita. Nilimsogezea mkeka, nikarudi mahali pangu. Baadaye nikaona ameukalia.