Ile Sauti ya Juu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini goti la mama linaendelea vizuri, na kwamba bado anakugombeza kwa jinsi unavyopiga pasi majoho ya kwaya. Mimi nimehamia chumba chenye dirisha kubwa, na mpiga kinanda wangu hatimaye ameoa, baada ya kutuzungusha miaka minne.

Mchungaji amenialika nije kuimba Jumapili ijayo, nami nikakubali. Tangu hapo sipati usingizi. Kwenye kumbi huwa tunawasha rekodi, mimi nafungua mdomo tu, watu wanalia na kupiga vigelegele. Tangu Januari sijaimba ubeti mzima kwa koo langu. Daktari amelichungulia, akaniambia ninyamaze miezi mitatu. Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikaenda jukwaani.

Lakini kanisani hatuimbi kwa rekodi, na mama atakaa benchi la mbele. Mama anazijua pumzi zangu. Naogopa, dada.

Unakumbuka siku yule mtu wa studio alipokuja kuisikiliza kwaya? Ile sauti ya juu iliyomnyanyua kitini ilikuwa yako, nyuma yangu. Akaninyooshea kidole mimi, nikanyamaza. Nawe ukaninyamazia, miaka kumi na tisa yote.

Jumapili usisimame nyuma, tafadhali. Simama kando yangu. Nikifika kwenye ile sauti ya juu nitafunga mdomo, mama aone ni nani anayeimba.

Ni mimi, mdogo wako,
ninayekuogopa wewe kuliko mama.