Nuria, Mama Yako Anafuga Maji

Mpendwa binti yangu Nuria,

Salaam aleikum, mama. Nakuandikia nikiwa nimekalia mtungi uliopinduliwa, kwa sababu viti vyote vya nyumba vimebeba ndoo. Nimechoka, sitakudanganya. Tangu alfajiri nimeosha na kufukiza vyombo vya maziwa ya ngamia kule kazini, na nikirudi hapa kuna maji mengine yananingoja.

Kuna neno nilikuambia likizo ya Aprili, siku ile Kolfa alipokufa. Nimelibeba mpaka limenilemea kuliko mitungi yote. Leo nataka kulitoa kwako, lirudi kwa mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Barua hii sitaifunga. Atakayetaka kuisoma aisome, kwa maana neno lenyewe nililisema ploti nzima ikisikia.

Unakumbuka tulivyomwona mara ya kwanza? Mwalimu Mwenda, yule wa sayansi aliyekuwa amepanga chumba cha mwisho kwenye ploti yetu hapa Kiwanjani, alikuita uchungulie mlangoni kwake. Ulirudi mbio, kiatu kimoja mkononi, ukaniambia, "Mama, kuna samaki iko na mikono." Nikadhani ni mchezo wa simu. Nikaenda nikaona mwenyewe. Ndani ya tanki la kioo alikuwa amelala mnyama mweupe kama maziwa, miguu minne, vidole kama vya mtoto mchanga, na shingoni manyoya mekundu, matatu kila upande. Mwalimu akasema anaitwa aksoloti, asili yake ni nchi ya Meksiko, na yale manyoya ndiyo anayopumulia. Watoto watatu wadogo wa mnyama huyo walikuwa kwenye ndoo. Mdomo wa kila mmoja ulikuwa umejikunja kama wa mtu anayecheka. Wewe ukamwonyesha mmoja kwa kidole ukasema huyu ni Kolfa, yaani kicheko. Mwalimu, na Umeru wake, akajaribu kulitamka hilo jina la Kiborana mpaka sote tukashika mbavu.

Ilikuwa mwaka wako wa pili tangu uende kukaa kwa kina baba yako Garbatulla. Ulipofika miaka saba walikuja kukuchukua, kama desturi ilivyo. Mimi niliolewa mdogo, nikaachwa mdogo, na shule niliiachia darasa la saba. Ningesema nini mbele ya wazee wale? Nilikufungia nguo zako, nikakupaka mafuta, nikakaa. Kilichobaki mkononi mwangu ni likizo. Kwa hivyo nilipoona ulivyomwangalia yule mnyama nilijiambia, huyu mtoto akiwa na kitu chake hapa kwangu, atakuwa na sababu ya kurudi.

Hapo ndipo nilipoharakisha. Fundi wa vioo wa Chechelesi alinitengenezea tanki kutoka kabati la duka moja lililofungwa, akaliziba na gundi. Mwalimu akaniambia, mama Nuria, maji yaive kwanza, yape wiki sita. Maji yaive! Maziwa huiva, nyama huiva, lakini maji ya mfereji yataiva vipi? Nikaona ni ule ualimu wa kufanya jambo dogo liwe refu. Niliyajaza, nikayaacha usiku mmoja ile harufu ya dawa itoke, na asubuhi nikamwambia yako tayari. Alikuwa anapakia vitu vyake, amepata uhamisho wa Nanyuki, hakuniuliza mara ya pili. Akatuachia Kolfa. Nuria, likizo ilikuwa imebaki siku saba. Ningengoja wiki sita na wewe unaondoka?

Siku ya pili uliingiza mkono ukampapasa mgongoni. Ukasema ni laini kama ulimi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na beseni kiunoni, nikicheka. Kumbuka hilo, kwa sababu mimi nilijifanya nimelisahau.

Siku ya nne alikataa minyoo. Ya tano yale manyoya yakaanza kukunjika mbele na kupauka. Tulibadilisha maji, tukaweka chupa ya barafu niliyoitoa kwenye friza ya maziwa, wewe ukamsomea na dua zako za madrasa. Siku ya sita asubuhi tulimkuta juu ya maji, tumbo upande. Wanawake walikuwa mferejini wanafua. Mama Kaltuma akauliza kwa sauti, nini imeua mnyama wa mtoto? Na mimi, nikiwa na aibu ya kutojua, nikageuka nikakuambia mbele yao wote:

"Si ni wewe ulikuwa unamshikashika? Wewe ndiyo umemuua."

Hukulia. Uliuficha mkono wako wa kulia nyuma ya mgongo. Baba yako alipofika saa sita ulipanda gari bila kunipa mkono, nami nikasema moyoni, huyu amekasirika, atapoa.

Agosti hukuja. Nilipopiga simu niliambiwa uko madrasa. Nikipiga tena, uko na mbuzi. Siku nyingine nilisikia kabisa unapumua karibu na simu, halafu nikaambiwa umelala. Nikajua hasira ya mtoto haikai miezi minne. Hiki ni kitu kingine.

Nikampigia Mwalimu Mwenda, nikamwambia ukweli wote, kwamba zile wiki sita zilikuwa usiku mmoja. Akanifundisha bila kunigombeza. Aliniuliza kama naijua ile harufu ya zizi la mbuzi asubuhi, inayochoma macho. Nani haijui hapa Isiolo? Akasema hiyo ndiyo sumu ambayo mnyama wa majini huitoa mwenyewe, kwa mkojo wake na kwa pumzi yake. Kwenye mto maji huichukua ikaenda. Kwenye kioo inabaki inamchoma, na huanza na yale manyoya. Lakini kuna vidudu vidogo, macho hayavioni, vinavyokula hiyo sumu na kuigeuza. Vya kwanza huigeuza ikawa sumu ya pili, halafu vingine huigeuza hiyo ya pili ikawa kitu kisicho na makali, unakipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kila wiki. Vidudu hivyo hukaa kwenye sponji na kwenye mawe, na huzaliana polepole. Kwa hivyo maji yangu yalikuwa safi, alisema, lakini yalikuwa matupu.

Nilianza upya tarehe za mwisho za Agosti. Akanitumia kipande cha sponji ya tanki lake kuukuu, kimelowa ndani ya chupa, na chupa ndogo tatu za dawa za kupimia. Nikakikamua ndani ya maji, kama unavyotia tone la maziwa ya jana kwenye kibuyu ili ya leo yachachuke. Halafu ikabidi nivilishe hivyo vidudu. Kila siku, kipande cha samaki kama ukucha, kioze humo. Tanki halina mnyama, nami natia chakula. Hebu fikiria majirani. Hapa mfereji unatoa maji mara mbili kwa wiki, watu wanapanga mitungi foleni, na mimi nina sanduku zima la maji ambayo hayanywewi wala hayafuliwi, nayalisha samaki. Mama Kaltuma akawa kila nikipita na ndoo ananiuliza, "Mama Nuria, maji yako imezaa?" Mwingine anamjibu, wacha mwenzako, kila mtu na mifugo yake, huyu anafuga maji. Nilicheka nao. Ningefanya nini, na kwa kweli ilikuwa inachekesha.

Wiki ya tatu nikarudi kutoka kazini nikasikia harufu ya moshi mlangoni. Harufu ile ile ninayoijua, ya vijiti vya mgunga tunavyofukizia vibuyu. Akko, bibi yako, alikuwa ameketi chini, ametabasamu, amefurahi na kazi yake. Tanki lilikuwa limekauka. Alikuwa ameona maji yamekuwa na ukungu, kioo kina utelezi, sponji imekuwa ya kahawia inanuka, akasema binti yangu amechoka na kazi za watu, wacha nimsaidie. Maji akayapelekea mbuzi wake. Mbuzi wenyewe walinusa wakageuka. Sponji akaisugua na majivu, akaitundika juani. Halafu akawasha makaa, akakifukiza kioo chote ndani mpaka kikawa cheusi, kama kibuyu cha bibi arusi.

"Chombo ikinuka inafukizwa," akaniambia. "Hiyo hata si mimi nilikufundisha?"

Nuria, niliketi chini pale kwenye sakafu na buibui langu. Neno lilinijia mdomoni, bibi yako alikuwa mbele yangu na majivu kwenye viganja, na neno lilikuwa tayari kutoka. Nikaona anarudisha mikono yake polepole kwenye magoti, anaanza kuikunja ndani ya leso yake. Nikafunga mdomo. Nililimeza hilo neno na liliteremka kama mfupa. Baadaye nikamweleza. Nikamwambia Akko, ule utelezi ulikuwa ndiyo maziwa ya jana. Alinitazama sana. Akasema, "Kumbe ni kama susa, maziwa ya kuchachusha? Na mbona hukusema hivyo tangu mwanzo, unaniambia mambo ya vidudu." Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi. Mtu hagusi kioo hicho. Hata mimi nikitaka kupima ananiuliza nimenawa.

Mwalimu alituma sponji nyingine na tukahesabu upya kutoka siku ya kwanza. Asubuhi kabla ya kazi nakinga maji kidogo kwenye kichupa, natia matone, natikisa, nangoja rangi. Kwa wiki nyingi ile dawa ya kwanza ilikuwa kijani tu, sumu ya zizi imejaa. Halafu ikaanza kushuka, na ya pili ikapanda ikawa zambarau kama kitambaa cha harusi. Kuna asubuhi nilipima nikarudi kulala dakika tano na viatu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka kungoja kitu nisichokiona, kwa ajili ya mtu asiyetaka simu yangu.

Wiki iliyopita dawa ya kwanza imekaa njano. Ya pili imekuwa samawati, nyepesi. Ya tatu tu, ya kile kitu kisicho na makali, ndiyo yenye rangi ya chungwa, na hiyo ndiyo dalili nzuri. Nikatia chakula tena, nikapima kesho yake, rangi zikabaki vile vile. Nikamwonyesha Mwalimu picha. Akasema yameiva. Nilifikiri nitapiga kelele. Niliketi tu. Sasa naanza kuyapoza kama mnyama huyu anavyotaka, kitambaa kilicholowa kuzunguka kioo na chupa mbili za barafu kwa zamu, maana joto la hapa unalijua.

Juzi baba yako alipiga simu kuuliza namba ya kiatu chako cha shule. Tulikuwa tunazungumza vizuri, hata nikamgusia habari ya mnyama mwingine, kisha nikasikia sauti yako nyuma yake. Hukujua nasikia. Ulisema hivi:

"Mwambie mama nikikuja sitamshika."

Nilimwambia baba yako mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Nuria, mwanangu, nisikilize. Mkono wako haukumuua Kolfa. Ungempapasa asubuhi na jioni au usimguse kabisa, angekufa siku ile ile, kwa sababu ya maji. Na maji yalikuwa kazi yangu. Niliambiwa wiki sita nikatoa usiku mmoja, halafu nilipoona aibu inakuja nikakutupia wewe, mtoto wa miaka tisa, ukaibeba mpaka Garbatulla na ukalala nayo miezi yote hii. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe. Jana mferejini, wote wakiwepo, nimelisema hili kwa sauti ile ile niliyokusemea wewe. Mama Kaltuma aliacha kufua. Hakuna aliyecheka.

Likizo ya Desemba nimemwomba baba yako, amesema uamuzi ni wako. Mimi sitakuvuta. Usipokuja, nitaendelea kuyalisha maji haya kidogo kidogo yasife njaa, mpaka likizo utakayotaka wewe. Mwalimu ana aksoloti mdogo mmoja amemtenga. Nimemwomba asimtume kabla hujafika.

Ukija, atafika ndani ya mfuko wa maji. Tutauacha mfuko uelee kwanza, apate kuzoea baridi. Mfuko hatuumwagi ndani. Mtu hunawa kwa maji matupu, bila sabuni, anaingiza mkono chini ya tumbo lake na kumtoa taratibu. Nataka uwe mkono wako wa kulia. Mimi nitashika mfuko.

Kaa salama huko, na Mungu akuangalie mahali macho yangu hayafiki.

Ni mimi,
Mama yako