Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti

Omena tena, dagaa wetu wa ziwani. Tangu saa moja mimi na Mama tunaanika kwenye nyavu kuukuu hapa ufuoni. Nimenawa na sabuni mara tatu, mikono bado inanuka. Msimu ulifunguliwa Ijumaa na Usenge yote imechangamka. Boti zinaingia zimejaa. Yetu pia imeingia imejaa, ila si yetu tena. Baba aliuza Nyar Seme mwezi jana, wakati uvuvi wa omena ulikuwa bado umefungwa na hakuna aliyetaka boti ila kwa bei ya huruma. Anasema anayevua anabaki na njaa, anayebeba mpaka Kisumu ndiye anajenga. Anataka gari. Boti iliitwa hivyo kwa ajili ya Mama, kwani Nyar Seme ni binti wa Seme.

Kazi yangu ni kutafuta hiyo gari kwa simu ya Mama. Simu ya Baba ni kabambe, ile ya vibonyezo, haijui mtandao. Na wauzaji wanaandika Kizungu, na Baba aliachia darasa la sita. Kwa hivyo kule mtandaoni mimi ndiye Baba. Naandika kama mwanamume wa miaka arobaini na tano. Napunguza bei. Nauliza maswali makali. Kule sina aibu hata kidogo.

Mtu akinipigia, nakata.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeipata. Probox nyeupe. Iko Kisumu, upande wa chini wa Nyalenda, karibu na ziwa. Mwenyewe anaitwa Bwana Otis. Picha tisa. Viti safi, tairi zimepakwa nyeusi zinang'aa kama viatu vya Jumapili. Anasema ilikuwa ya mwalimu mmoja, kazi yake kwenda kanisani na kurudi. Bei yake, Baba anaweza.

Bwana Otis alipiga. Simu ikalia mpaka ikachoka. Nikamwandikia kwamba niko mkutanoni. Mkutano na beseni la omena.

Kuna mtu ameandika chini ya tangazo lingine, si hili. Anasema ukinunua gari Kisumu baada ya ile mvua ya mafuriko, usiangalie rangi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Gari iliyolala majini huoshwa kila mahali isipokuwa hapo. Tope hubaki kwenye mkanda, na nyaya za gari zinaoza polepole. Nimeandika hapa nisisahau.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba Mkubwa amekuja. Baba alikuwa anataka kwenda na fundi wa mashine za boti. Baba Mkubwa akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Fundi wa nini? Kwani tunanunua boti? Nitaenda mimi."

Ndio imeisha. Kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi kabla ya mkubwa wa boma kufungua mdomo. Na huyu ni mkubwa, na pia ni mzee wa kanisa. Baba akiwa mbele yake anakuwa kama mimi. Anaangalia vidole vya miguu.

Nilitaka kusema habari ya mkanda. Nilijizoeza jikoni, mara nne, kwa sauti ya chini. Nikaingia. Nikamwongezea Baba Mkubwa chai.

Jumamosi, 9 Agosti

Niko Kombewa kwa Nyanya, mama yake Mama. Sitaki kuandika leo.

Jumapili, 10 Agosti

Wameenda kanisani wote. Nimedanganya kwamba tumbo linauma. Wacha niandike yote.

Jana mimi, Baba na Baba Mkubwa tulifika kwa Bwana Otis saa nne asubuhi. Mtu mnene, mcheshi, anakushika bega kama mnajuana. Alimuuliza Baba kwa nini alikuwa hashiki simu. Baba akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Ukuta wa boma lake una mstari wa kahawia unaozunguka pande zote, chini kidogo ya dirisha. Nilijua ni maji. Kila nyumba ya huko chini ina mstari huo.

Gari iliwaka mara moja. Baba Mkubwa akaizunguka akipiga tairi teke. Akafungua boneti, akafunga. Akasema, "Hii ni chuma." Bwana Otis akasema, "Mzee anajua magari." Baba Mkubwa akanenepa.

Niliambiwa niingie nyuma nione kama ni pana. Nikaingia. Basi Baba Mkubwa akaweka mkono juu ya boneti, akasema kabla ya pesa tumshukuru Mungu. Wote wakavua kofia. Maombi yake si ya dakika moja. Aliombea gari, dereva, barabara, omena, watu wote wa Bwana Otis. Macho yote yamefumbwa.

Yangu hayakufumbwa. Nilivuta mkanda. Ulikuwa mgumu mwanzoni, halafu ukaja. Mweusi, mweusi, mweusi. Halafu kahawia. Tope kavu, linabomoka kwenye vidole. Na uzi mmoja wa mzizi wa gugumaji, umeganda humo kama unywele.

Nilikuwa nao mkononi. Ningeuinua tu. Hata kusema haikuhitajika.

Baba Mkubwa akasema Amina. Nikaachilia mkanda ukarudi ndani wenyewe. Baba akatoa pesa.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nimeiandika.

Baba aliendesha mwenyewe. Zamani aliendesha lori ya samaki. Alikuwa anapiga mluzi. Sijawahi kumsikia Baba akipiga mluzi. Baba Mkubwa mbele, anasalimia watu barabarani kama mheshimiwa. Tukapita Kisian. Tukapita Holo. Kukaribia Kombewa taa zote za dashibodi zikawaka, nyekundu na njano, kisha zikazima. Gari ikanyamaza. Ikateleza mpaka kando ya barabara.

Pahali pabaya kuliko pote. Hiyo ni Seme, kwao Mama. Mkwe haji kwa wakwe mikono mitupu, tena na gari mfu. Hatukumaliza nusu saa kabla ya wajomba zangu kupata habari, wakaja wanne, wanatembea polepole makusudi.

"Shemeji, umetuletea gari ama maiti?"

"Wacheni, amekuja kumaliza mahari. Hii ni ng'ombe ya mwisho."

"Yawa, ng'ombe yenyewe haisimami!"

Wakaisukuma wakiimba, mpaka karibu na lango la Nyanya. Baba alikuwa anashika usukani, anacheka pamoja nao. Kicheko cha mdomo peke yake. Baba Mkubwa alikumbuka ana kikao, akapata pikipiki, akaenda.

Mkwe halali kwa wakwe. Kwa hivyo mimi nililala kitandani kwa Nyanya, na Baba akalala barabarani ndani ya gari. Nyanya alimtuma mtoto wa jirani ampelekee chakula, kwa sababu yeye na mkwe wake hawakaribiani hivyo. Asubuhi nimemwona Baba akinawa uso na maji ya chupa, amejificha nyuma ya mlango wa gari.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumefika nyumbani. Tumeburutwa na lori ya mchanga. Kamba ni ile ya Nyar Seme. Baba alipouza boti alibaki na kamba peke yake, akaiweka kwenye gari eti ya kufungia magunia.

Ufuo wote ulisimama kutuangalia. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Alhamisi, 14 Agosti

Fundi amekuja kutoka Bondo. Alifungua chini ya zulia na harufu ikatoka. Harufu ya ziwa lililolala. Nyaya zimekuwa kijani. Kuna kisanduku kinachoendesha kila kitu, hicho nacho kimeoza. Akasema gari hii ililala majini wiki nzima, si chini ya hapo. Akamuuliza Baba, "Mzee, hamkuangalia?" Baba akasema waliangalia.

Nimemwandikia Bwana Otis mara sita. Kwa Kizungu, kwa Kiswahili, mwisho kwa Dholuo. Ujumbe haufiki. Leo nimempigia. Mimi, kupiga simu. Nambari haipatikani.

Baba Mkubwa alipita jioni. Anasema hii ndiyo shida ya kuachia watoto kazi ya wakubwa. Anasema gari ilichaguliwa kwenye simu na msichana, yeye alikuja tu kuombea. Alisema nikiwa nimeshika kikombe chake. Namchukia. Halafu nakumbuka mkanda na siwezi hata kumchukia vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Baba ameomba kazi ya kuvuta nyavu. Kwenye Nyar Seme. Mwenyewe mpya wa boti amempa. Ameshapaka rangi juu ya jina.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia.

Sikupanga. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, anatoa viatu vyenye maji. Siku hizi hukaa humo akitoka ziwani. Nilimletea uji. Nikasema, Baba, niliona tope kwenye mkanda kabla hujalipa. Nilisema haraka, nikiangalia kikombe. Nilingoja anipige, ingawa hajawahi kunipiga.

Alikunywa uji kwanza. Halafu akasema, "Najua, nyathina, mwanangu. Nilikuona ukivuta."

Sikuelewa. Akasema wakati wa maombi macho yake pia hayakuwa yamefumbwa. Aliona nikivuta, akaona uso wangu. Akajua.

"Nilingoja wewe useme," akasema. "Mtoto akisema, watu wanacheka, mambo yanaisha. Mimi nikisema, nimemwaibisha ndugu yangu mbele ya mtu wa nje. Tena ameshaomba."

Nilimwambia mimi nilikuwa nangoja yeye.

"Najua," akasema tena. Akanirudishia kikombe.

Nilifikiri nikisema nitakuwa mwepesi. Mimi si mwepesi. Sasa tuko wawili.

Jumapili, 24 Agosti

Shule zinafunguliwa kesho. Mama amesema nisubiri kwanza, karo haijapatikana. Hakusema mpaka lini, nami sikuuliza. Sanduku langu liko chini ya kitanda, nimetoa sare nikazitundika zisipate harufu.

Tumeanika omena juu ya gari. Bati lake linapata moto sana, zinakauka kabla ya saa sita. Mama anasema angalau. Kuna kuku anayetagia kiti cha mbele.

Mchana Baba alikuja na kisu, akakata mkanda wa kiti cha nyuma. Anasema ni imara kuliko kamba, atafungia mashine ya yule aliyenunua boti yetu isilegee kwenye mawimbi. Akanipa niufue kwanza.

Nimeufua mara mbili. Nimeusugua na jiwe. Mstari wa kahawia hautoki. Nimeuanika kwenye waya, kando ya sare zangu.